Mtendaji wa Kisima

Wanaonipongeza kwa kuachana na pampu ya petroli nawaomba waje shambani kwangu saa moja na nusu asubuhi, wakiwa na ndoo zao. Maji hawatayakuta. Watakuta taa ya kijani inawaka kwenye boksi, na wakitega sikio kwenye bomba watasikia mota inaunguruma huko chini. Ile taa maana yake kazi inaendelea. Kazi gani, ndipo penye utata, kwa sababu tenki ni kavu na miche ya nyanya imelegea. Jirani akipita njiani huuliza kama pampu imeharibika. Namjibu ni nzima kabisa. Anasema "pole" na kwenda zake, na hiyo pole ndiyo inayoniudhi kuliko yote.

Nilipomuuliza fundi, alikaa chini ya mwembe akanipigia hesabu ambayo sikuipenda, ingawa mpaka leo sijapata pa kuipingia. Pampu yangu ni ya mapangaboi, yaani ina magurudumu yenye mapezi yanayorusha maji kwa kuzunguka. Ikizunguka kwa spidi yake yote inaweza kupandisha maji mita 60. Ikizunguka nusu ya spidi, mtu mwenye akili zake angetegemea mita 30. Wapi! Ni mita 15, robo. Kisima changu maji yako mita 22 chini ya ardhi, na tenki liko mita 5 juu yake. Kwa hiyo asubuhi, jua likiwa bado linajinyoosha, maji yanapanda ndani ya bomba mita 15, yanafika hapo yanasimama, yanangoja. Mpaka spidi ifike kama theluthi mbili ndipo tone la kwanza linaingia kwenye tenki, na wakati huo mke wangu ameshamaliza kufua kwa maji ya mtoni.

"Ila umeme unaotumika hapo ni kidogo sana," fundi akaniliwaza. "Nusu ya spidi inataka moja ya nane tu ya nguvu."

Yaani moja ya nane ya nguvu, robo ya kimo, na maji sifuri. Nikamuuliza hiyo faraja niimwagilie wapi.

"Ungenunua pampu ya skrubu, mzee. Ile hata ikizunguka polepole inaleta, kidogo kidogo."

Ungenunua! Mafundi wa nchi hii wana elimu pana sana ya vitu ambavyo ungenunua. Siku unaponunua hawapo.

Aliyekuwepo siku hiyo ni muuzaji, na muuzaji alisifu paneli mpaka mate yakamkauka. Paneli nne, kila moja wati 550, mota ya hosipawa moja na nusu, ambayo ni wati 1,100 na ushee. Nikauliza kwa nini paneli ziwe karibu mara mbili ya mota. Akasema ni kwa ajili ya mawingu, na akalitamka neno mawingu kwa wepesi ambao leo ningemshika shati. Chini kabisa ya katoni kulikuwa na boksi dogo la bati. "Na hili?" "Aa, hiyo kontrola, mzee. Ya kuwashia tu."

Ya kuwashia tu! Nyumbani mke wangu amelipa boksi hilo jina la Mtendaji, na jina limeshika mpaka watoto wa jirani wanalitumia: "Leo Mtendaji amekubali?" Mtendaji halisi wa kijiji bado hajaambiwa, na nitashukuru kama atakayemwambia si mimi. Boksi linaning'inia kwenye nguzo chini ya kibati, lina kitufe kimoja na taa tano. Kitufe ni changu. Taa ni zake, na katika hizo tano moja tu ndiyo huwa inasema ndiyo. Zilizobaki zinasema kisima kimekauka, tenki limejaa, jua halitoshi, mota imezidiwa. Nimebonyeza kile kitufe kwa kidole cha shahada, cha gumba, na siku moja kwa mpini wa jembe, na sijawahi kuona taa ikibadili msimamo kwa sababu ya hasira yangu.

Pampu ya petroli ilikuwa na kelele, ina moshi, inakunywa mafuta kila siku ya Mungu, lakini ilikuwa inajua mwenye shamba ni nani. Unavuta kamba, unaitukana, unavuta tena, inawaka. Tulielewana. Huyu Mtendaji hatukanwi. Ukimtukana taa inaendelea kupepesa palepale ilipokuwa inapepesa.

Ubaya ni kwamba bila yeye hakuna kitu. Fundi alinifungulia mota ya zamani iliyoungua ili nione. Mota hizi zinazouzwa kwa jina la DC hazina zile kaboni za kusugua. Ndani yake kuna sumaku inayozunguka, na koili zimegawanywa makundi matatu kuizunguka hiyo sumaku. Umeme wa paneli unakuja moja kwa moja, hauna mapigo. Kazi ya boksi ni kuukatakata na kuugawa kwa zamu: waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, tena wa kwanza, na sumaku inaikimbilia zamu ilipo. Zamu zikiharakishwa mota inakimbia, zikipunguzwa inatembea. Jua likipungua, boksi linapunguza zamu ili mota isizimike. Boksi likigoma kabisa, umezamisha kipande cha chuma kisimani kwa bei ya ng'ombe.

Mweleze hayo jirani yangu. Hapa Masanze kila ugonjwa wa umeme una dawa moja, nayo inaitwa dairekti. Redio ikikoroma, piga dairekti. Taa ya pikipiki ikigoma, piga dairekti. Alipoona Mtendaji amekataa kwa asubuhi nzima, alikuja na koleo yake mfukoni, uso umejaa upendo. "Ng'oa hilo boksi, jirani. Paneli na mota, dairekti." Akahesabu nyaya zinazotoka kwenye paneli, zikawa mbili. Akahesabu zinazoingia kisimani, zikawa tatu. Akafikiri kidogo. "Huu wa tatu ni wa akiba," akasema.

Nilimzuia kwa sababu nilikuwa nimeshamwona kijana mmoja wa kitongoji cha pili aliyeonja dawa hiyo. Yeye pampu yake ilikuwa ya umeme wa kawaida, wa TANESCO, akaiunga na paneli moja kwa moja. Umeme wa TANESCO unageuka, kwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde, na koili ya mota ile inategemea huko kugeuka ili iuzuie umeme usiingie wote kwa mpigo. Ukiipa umeme usiogeuka, inabaki kuwa waya wa shaba tu, inapokea kila kinacholetwa na kuchemka. Mota haikuzunguka hata nusu. Ilitoa harufu ya vanishi iliyoungua, harufu ambayo ukishainusa huisahau, na moshi mwembamba. Akaipeleka Morogoro kwa fundi wa kusuka mota, ikasukwa upya, ikarudi inang'aa. Akapiga tena dairekti. Safari hii aligeuza nyaya.

Halafu yuko mjomba. Huyu ni mjomba wa mke wangu, kwa hiyo kila anachosema lazima nikisikilize mpaka mwisho. Mjomba hana habari na nyanya. Mjomba anataka mashine ya kusaga. Alizunguka paneli zangu, mikono nyuma, akauliza, "Hizi zinanyanyua maji kutoka wapi mpaka wapi?" Nikamwambia, mita 22 chini, mita 5 juu. "Jumla 27." Ndiyo, mjomba. "Sasa kama zinaweza kuvuta maji mita 27 kutoka chini ya ardhi, zitashindwaje kusaga mahindi ambayo yako hapa hapa juu?"

Nilimwachia fundi. Fundi naye, badala ya kukohoa na kubadili mazungumzo kama mtu mwenye adabu, akachukua kijiti akaanza kuandika mavumbini. Mashine ya kijiji ya hosipawa 20 ni wati 15,000 hivi. Gawanya kwa 550, unapata paneli 27 na kipande, na hizo ni kama jua la saa sita lingekuwepo siku nzima bila vumbi wala joto. Kwa maisha ya kweli weka 36 hadi 40. Mjomba akasema kuweka ni kuweka, hata kidogo kidogo. Fundi akaendelea: mota kubwa ikiwashwa kwa ghafla inameza umeme mara tano, sita, hata saba ya kiasi chake cha kawaida, kwa muda mfupi, mpaka ishike mwendo. TANESCO analibeba hilo bila kusikia uzito. Kidatu peke yake, hapo kusini kwetu, ina megawati 204 na inafanya kazi tangu 1975, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Paneli hazina akiba ya namna hiyo. Ukiziomba zaidi ya zilichonacho kwa sekunde hiyo, volti inaporomoka na mota inabaki inatetemeka mahali pamoja. Ndiyo maana nayo inahitaji boksi, kubwa zaidi, la kuianzisha kwa mapigo machache kwa sekunde na kupanda taratibu mpaka 50.

"Taratibu," mjomba akarudia, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Mjomba huyu huyu, mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza kupita Kilosa kwenda Dodoma, alikwenda kuiona. Alirudi amevunjika moyo. Treni gani inaondoka bila kishindo? Ile ya zamani ilikuwa ikianza kuondoka, behewa zinagongana moja baada ya nyingine, watu wanashika mabegi, unajua kweli sasa tunasafiri. Hii unashtukia mihogo ya dirishani imeshaanza kurudi nyuma. Fundi akamwambia kwamba siri yake ni hiyo hiyo: chini ya ile treni kuna mota, na kabla ya mota kuna boksi linalopandisha mapigo ya umeme polepole, ndiyo maana haikurupuki. Mjomba akanyamaza sana.

"Kumbe na wao wana Mtendaji," akasema mwishowe. Nadhani ndiyo siku aliyoacha kutamani Dodoma.

Sasa tuje kwenye mawingu, yale mepesi ya muuzaji. Kiangazi sina neno, nisije nikaonekana mnafiki. Julai mpaka Septemba, saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, maji yanakuja na ninatembea shambani nimeweka mikono kiunoni. Vuli ikianza ndipo matusi yanaporudi kinywani. Anga la Kilosa mwezi wa Novemba halina msimamo. Jua dakika tatu, wingu dakika mbili, jua dakika moja, ngurumo huko upande wa milimani, wala mvua yenyewe hainyeshi. Mtendaji anaanzisha mota, anaikuta haina nguvu, anaizima, anaanza kungoja. Kungoja kwake kuna muda wake na hakukatishwi. Jua linatoka, linawaka mpaka kisogo kinauma, yeye bado anangoja. Anapomaliza kungoja, wingu limeshafika.

Nikimtetea kwa jambo moja, ni kwamba jua lenyewe analikamua kisawasawa. Paneli ukizidai umeme mwingi volti inaanguka, ukizidai kidogo unaacha wati zako hewani. Kuna mahali katikati panapolipa kuliko kwingine kote, na hapo mahali panahama kila jua linapohama. Kwa hiyo kutwa nzima boksi linafanya kama mama anayenunua nyanya gulioni: linaongeza kidogo, linaona, linapunguza kidogo, linaona, linajifanya kama linaondoka, linarudi. Halichoki na haliridhiki. Fundi anasema bila hilo ningekosa sehemu kubwa ya maji niyapatayo. Nimemwambia asiseme hivyo karibu na boksi.

Mwalimu mstaafu wa hapa kwetu ana njia yake ya kunipoza. Ananikumbusha kwamba mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman alipanga vioo virefu vilivyopinda, akachemsha maji kwa jua, mvuke ukaendesha injini, injini ikapandisha maji ya mto Nile kwenda mashambani. Bila paneli, bila boksi lenye taa. Mwaka uliofuata vikaja Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia na mradi ukaishia hapo. Mwalimu anaona habari hiyo inatia moyo. Mimi naona kwamba mwenzangu mradi wake uliuawa na vita vya dunia, wangu unauawa na wingu lenye ukubwa wa kitanda.

Lakini mawingu huenda na kurudi. Mama mkwe alikuja akakaa.

Alitoka Ulaya. Nasema Ulaya kata ya jirani, hapa hapa Kilosa, msianze kuniagiza viatu. Alikuja kumwona binti yake na wajukuu, na alikuja na muhogo wake uliomenywa, nusu kiroba, ambao ulikuwa njiani kuwa makopa. Akatafuta pa kuanika. Uwanjani kuna kuku. Kwenye bati la jiko hafiki. Akatazama shambani akaona vioo vinne, vimelazwa kwa mteremko mzuri kuelekea kaskazini, vimezungushiwa miba mbuzi wasipite, vya moto, safi, vimefutwa vumbi asubuhi na mkwe mwenyewe. Kama ningekuwa yeye ningedhani vimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye mkutano wa kijiji. Niliporudi, saa saba mchana, Septemba, anga halina hata doa, taa inasema jua halitoshi. Nilitazama jua. Jua lilinitazama. Nikabonyeza kitufe. Nikapiga simu Mikumi, fundi akaja na bodaboda, nauli ya kuja na kurudi ni yangu. Akatoa mita yake, akapima nyaya zinazoingia kwenye boksi likijaribu kuwasha mota. Paneli nne zikifanya kazi vizuri zinapaswa kutoa volti 160 na kitu. Zilikuwa zinatoa 120 na kitu. Akageuka kutazama paneli, akatulia, akanivuta pembeni.

"Mzee, paneli ya tatu ina makopa."

"Mwambie ayatoe."

"Mimi? Mkwe ni wako."

Hapo ndipo wasomaji wangu wa mjini watashindwa kunielewa. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya mwembe, amenyoosha miguu, anamenya karanga. Mimi kusimama mbele yake nimwambie, "Mama, ondoa chakula chako kwenye vyombo vyangu," ni maneno ambayo hayapo mdomoni mwangu wala hayapo katika ukoo wangu. Nilimwamkia kwanza, ingawa nilishamwamkia asubuhi. Halafu nikarudi kwa fundi nikamwomba anieleze tatizo mimi, kwa sauti kubwa.

Fundi akasimama, akajisafisha koo. "MZEE! Paneli hizi zimeungwa mfululizo! Umeme unapita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne! Moja ikifunikwa inawazuia wenzake wote, mpaka umeme uipite pembeni kupitia dayodi! Sasa hapo unapoteza volti za paneli nzima, na boksi likiona volti ziko chini ya kiwango haliwashi!"

"Haa," nikasema, kwa sauti kubwa vilevile. "KUMBE IKIFUNIKWA."

Mama mkwe hakuinua macho kwenye karanga. "Hata mimi nilimwambia binti yangu," akasema, "hicho kiboksi ni kidogo mno kwa kazi hiyo."

Tukajaribu njia nyingine. Fundi akaanza kusema kwamba vitu vya kuanika vinaweza kuchafua kioo. Mama mkwe akauliza kama kioo hicho huwa kinapata moto sana. Fundi, ambaye hana familia ya kumfundisha kunyamaza, akasema sana, kinafika nyuzi 60 mchana, na tena joto ni adui, maana kila nyuzi moja juu ya 25 paneli inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake, kwa hiyo ikifika 60 imepoteza kama asilimia 14.

"Basi makopa yanazipoza," akasema mama mkwe.

Fundi alitaka kukagua viungio vya nyaya kwa kuwa nauli ilishalipwa. Akakumbusha kwamba paneli hazina swichi ya kuzimia. Kukiwa na jua zina umeme, upende usipende, na zisipokuwa na mzigo zinafika volti karibu 200 za moja kwa moja, si za kuchezea. Umeme wa TANESCO unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche ikizaliwa inapata nafasi ya kufa. Huu wa paneli haupiti sifuri, ukichomoa waya mzigo ukiwa unavuta, cheche inaning'inia inakula shaba na vidole. Kwa hiyo afunike kwanza. Akaomba blanketi. Mke wangu akaleta mawili, na mimi na fundi tukayatandika juu ya paneli zilizobaki, tukayavuta pembe zikae vizuri.

"Makopa mmeyakataa," ilisikika sauti kutoka kwenye mkeka, "blanketi mnatandika wenyewe."

Jioni nilimtuma mke wangu. Alikaa na mama yake muda mrefu, nilisikia vicheko ambavyo sikuvielewa vinahusianaje na umwagiliaji. Akarudi na jibu: mama amesikia, mama hana ubishi, makopa bado kidogo tu, kesho kutwa yatakuwa yamekauka. Nyanya nilizimwagilia kwa ndoo.

Ya panya niyataje kwa kupita tu. Kutoka kwenye tenki kuna waya mwembamba wa floti unaokuja kwenye boksi kusema maji yamejaa. Panya waliutafuna. Boksi langu, waya ukikatika, linachagua kuamini kwamba tenki limejaa, kwa tahadhari. Nimesimama juu ya ngazi nikigonga tenki tupu kwa ngumi, lita 5,000 za hewa, na chini yangu taa inasisitiza limejaa. Sina la kuongeza.

Baada ya hayo yote niliitisha kikao cha nyumbani. Nilisema wazi kwamba hatuwezi kuendelea kutawaliwa na bati lenye taa tano, na kwamba kila mtu atoe wazo. Fundi nilimwalika kama mtaalamu, akala chakula chake kwanza. Mjomba alipendekeza tuuze pampu tununue mashine ya kusaga, maji tununue kwa faida. Jirani, ambaye hakualikwa, alisema dairekti. Mtoto wangu wa sekondari alisema kuna maboksi siku hizi yanaongozwa kwa simu, unakaa hata Morogoro unawasha; nikamuuliza simu yenyewe na bando ni la nani, akaketi. Mke wangu aliuliza kuhusu betri. Fundi akasema betri ya nini, tenki ndilo betri, umeme wa mchana unauweka juu ukiwa maji, usiku yanashuka yenyewe. Hilo nililikubali kwa sababu halikuwa na gharama. Kisha akasema dawa ya asubuhi na ya mawingu ni kuongeza paneli, mradi zisizidishe volti ambazo boksi linavumilia, hivyo ziungwe kwa sambamba na siyo kwa kufuatana.

Hapo nyumba nzima ilipinga. Hela hakuna, ada inakuja, mbegu hazijanunuliwa, na mjomba akauliza paneli nne tu zimetutoa jasho hivi, nane itakuwaje. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo kukifunga kikao.

Mama mkwe akaweka chini ungo wake. "Ziongezwe," akasema. "Karanga zinakaribia."

Fundi akatoa kalamu na daftari mfukoni. "Gunia ngapi, mama?"